Akiba Iliyopitwa: Istilahi na Maana Yake katika Mifumo ya Faili ya Mtandao

Akiba, katika taaluma ya kompyuta, ni nakala ya data inayowekwa karibu na anayeihitaji ili asilazimike kuifuata mbali kila mara. Neno hili limekwisha kuzoeleka nje ya taaluma, kwa kuwa menyu za Kiswahili za simu na vivinjari humwelekeza mtumiaji afute akiba programu inapoleta matatizo. Kisichozoeleka bado ni jina la akiba ambayo yaliyomo ndani yake hayalingani tena na data ya asili, hali ambayo Kiingereza huieleza kwa kivumishi kilekile kinachotumika kwa mkate uliolala.

Hali hiyo hujitokeza sana katika mifumo ya faili ya mtandao, yaani mipango inayoiwezesha kompyuta kusoma faili zilizohifadhiwa kwenye seva kana kwamba zimo katika diski yake yenyewe. Mfano mashuhuri ni NFS, itifaki iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984. Kwa kuwa kuiuliza seva kila jambo kungechelewesha kazi na kuulemea mtandao, kompyuta inayohudumiwa, ambayo huitwa mteja, huweka katika kumbukumbu yake maudhui ya faili pamoja na sifa zake, kama vile ukubwa na wakati ilipobadilishwa mara ya mwisho. Katika Linux, pasipo mpangilio mwingine wa msimamizi, sifa za faili ya kawaida huaminiwa kwa sekunde 3 hadi 60 kabla ya kuulizwa upya, na za saraka kwa sekunde 30 hadi 60. NFS hupunguza hatari kwa kanuni ya kufunga na kufungua: anayeandika hupeleka mabadiliko yake kwenye seva anapofunga faili, naye anayesoma huiuliza seva anapoifungua. Hata hivyo, programu iliyoiacha faili wazi kwa saa nzima hainufaiki na kanuni hiyo.

Mfasiri anayefuata taswira ya chakula huenda akasema akiba iliyochacha, au hata akaiita kiporo. Taswira hiyo inavutia, lakini inapotosha, kwa sababu chakula kilichochacha kimeharibika chenyewe, ilhali nakala iliyomo katika kumbukumbu ya mteja haikubadilika hata biti moja; kilichosogea ni data ya asili iliyoko kwenye seva. Methali isemayo kwamba akiba haiozi inabaki kuwa kweli hata hapa. Ndiyo maana istilahi inayofaa zaidi ni akiba iliyopitwa, ufupisho wa iliyopitwa na wakati.

Uteuzi huo una faida katika utatuzi pia, kwa kuwa humzuia fundi kutafuta faili iliyoharibika na kumwelekeza aulize ni upande gani uliotangulia. Hatua ya kwanza ni kulinganisha ukubwa, wakati wa mabadiliko na maudhui ya faili kwenye seva na kwa mteja. Tofauti ikijiondoa yenyewe baada ya dakika moja hivi, chanzo chake yaelekea ni akiba ya sifa. Ikidumu, inafaa kuchunguzwa kama kuna programu iliyoishikilia faili bila kuifunga, upande wa mwandishi au wa msomaji. Faili mpya isipoonekana kabisa, ikumbukwe kwamba mteja huweka akiba hata ya jibu kwamba faili fulani haipo. Msimamizi anaweza kufupisha muda wa kuziamini sifa, au kuizima akiba hiyo kwa chaguo la noac, ambalo huongeza maswali kwa seva na kupunguza kasi. Programu zinazoandika faili moja kwa pamoja ni afadhali zitumie kufuli za faili, kwa kuwa mteja anapopata kufuli huhakiki upya alichonacho.

Istilahi hii isichanganywe na kosa linalotokea faili inapofutwa kwenye seva wakati mteja bado anashikilia kitambulisho cha faili hiyo alichopewa na seva. Kiingereza hutumia kivumishi kimoja kwa hali zote mbili, lakini Kiswahili kinaweza kuzitenganisha: akiba hupitwa, kitambulisho hubatilika, ya kwanza huponywa kwa kuuliza upya, na cha pili kwa kuifungua faili upya kwa jina lake, ikiwa jina hilo bado lipo.