MARK NOBLE: Kiungo aliyekomaa na timu ya mtaani kwao mpaka akatundika daluga

Leo nawaletea wasifu wa mchezaji ambaye jezi yake huwezi kuiona imening'inizwa kwenye maduka ya mitumba ya huku kwetu. Hakuwa na mbwembwe, hakuwa na chenga za kuwavunja watu viuno, na hata picha yake sijawahi kuiona kwenye daladala. Lakini jamaa alipiga mzigo miaka 18 kwenye klabu moja, klabu aliyoipenda tangu akiwa dogo. Anaitwa Mark Noble, West Ham United, wale tunaowaita Wagonga Nyundo wa London.

Najua wengine mmelipia nusu saa tu hapo cafe, kwa hiyo naanza na kifupi, halafu mwenye muda aendelee chini.

WASIFU KWA UFUPI

Jina: Mark Noble
Kuzaliwa: 8 Mei 1987, Canning Town, mashariki mwa London
Nafasi: kiungo wa kati
Jezi: namba 16
Mechi ya kwanza West Ham: Agosti 2004, akiwa na miaka 17
Mechi ya mwisho: 22 Mei 2022, ugenini kwa Brighton
Jumla ya mechi West Ham: 550
Mabao: 62
Kwa mkopo: Hull City na Ipswich Town, yote mwaka 2006
Unahodha: kuanzia 2015 mpaka alipostaafu
Timu ya taifa ya wakubwa ya England: mechi 0

Hiyo sifuri ya mwisho msiipite haraka haraka, tutarudi kwake.

MTOTO WA BANDARINI

Ili umwelewe Noble lazima uijue kwanza Canning Town. Usifikirie ile London ya kwenye kadi za posta yenye saa kubwa na Malkia. Huku ni upande wa bandari ya zamani, kwenye mto Thames, watu wa kubeba mizigo na viwanda vya chuma. Kwa Dar ni kama useme Kurasini au Keko.

Na West Ham yenyewe ilizaliwa huko huko. Mwaka 1895 wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza meli cha Thames Ironworks walianzisha timu yao. Mwaka 1900 ikabadilishwa jina ikawa West Ham United. Zile nyundo mbili unazoziona kwenye nembo si urembo, ni zana za mafundi wale. Kuanzia 1904 mpaka 2016 timu ilikuwa inacheza Upton Park, uwanja uliokaa katikati ya nyumba za watu, jirani kabisa na alikokulia Noble. Kwa hiyo dogo alikua akiisikia timu kabla hata hajaichezea.

WENZAKE WALIVYOUZWA

Akademi ya West Ham ni kiwanda cha vipaji. Cheki majina: Rio Ferdinand, Frank Lampard, Joe Cole, Michael Carrick, Glen Johnson. Wote walipikwa pale. Na wote waliondoka! Ferdinand aliuzwa Leeds mwaka 2000. Lampard akaenda Chelsea 2001. West Ham iliposhuka daraja mwaka 2003, Cole na Johnson nao wakahamia Chelsea, na Carrick akafuata njia kwenda Tottenham mwaka 2004.

Sasa angalia tarehe. Noble anacheza mechi yake ya kwanza Agosti 2004, kwenye Kombe la Ligi dhidi ya Southend. Yaani anaingia ndani ya nyumba wakati kaka zake wote wameshafunga mabegi. Timu iko daraja la pili, mastaa hakuna. Dogo wa miaka 17 mwingine angesema na mimi napita tu hapa. Yeye alikaa.

Haikuwa rahisi. Mwaka 2006 alipelekwa kwa mkopo Hull, kisha Ipswich. Wengi wakipelekwa mkopo ndiyo basi tena, unakuja kusikia yuko daraja la nne. Noble alirudi.

MACHOZI YA MACHI 2007

Tarehe 4 Machi 2007 West Ham iko mkiani mwa Ligi Kuu na inawakaribisha Tottenham, mahasimu. Noble anafunga bao la kwanza, Carlos Tevez anaongeza la pili, uwanja unawaka. Spurs wanarudisha. West Ham wanapata la tatu, Spurs wanarudisha tena, na dakika za majeruhi wanapigwa la nne. Mechi imeisha 4-3. Kamera zikamwonyesha Noble analia pale pale uwanjani. Hakulia kisela, alilia kama shabiki aliyetoka na nauli yake mfukoni kuja kuangalia timu inakufa.

Kila mtu akajua wameshashuka. Kilichofuata kinaitwa muujiza mpaka leo: walishinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho. Ya mwisho kabisa ilikuwa 13 Mei 2007 pale Old Trafford, dhidi ya Manchester United waliokuwa mabingwa tayari. Tevez akafunga moja, West Ham ikabaki, Sheffield United wakashuka. (Ndiyo, najua kesi ya usajili wa Tevez na ile faini ya pauni milioni 5.5. Hiyo ni mada ya siku nyingine, tusigombane leo.)

KAZI YAKE HASA ILIKUWA NINI?

Hapa ndipo wengi wanamkosea. Ukiangalia mechi kwenye kibanda umiza macho yanafuata mpira. Noble ukitaka kumwona ilibidi umwangalie wakati mpira hauko kwake. Beki wa pembeni akipanda, yeye ndiye anayeziba lile pengo. Straika wa wapinzani akirudi kuchukua mpira, yeye yuko mgongoni kwake. Timu ikibanwa, anasogea karibu na beki aombe pasi, hata akiwa na watu wawili nyuma. Akiupata anatoa pasi fupi kwa mwenzake aliye huru, basi. Refa akikosea, yeye wa kwanza kufika kuongea. Dogo mpya akipoteza mpira, yeye wa kwanza kumfokea na wa kwanza kumpiga begani.

Spidi? Hakuwa nayo. Kimo? Wa kawaida. Ila alikuwa anaiona hatari mapema kuliko wenzake, na penati alikuwa mtaalamu wa kuaminika. Ndiyo maana makocha walikuja na kuondoka, Pardew, Curbishley, Zola, Grant, Allardyce, Bilic, Pellegrini, Moyes mara mbili, na kila mmoja alijikuta anampanga. Kocha mpya akija na mafundi wake wa bei mbaya, baada ya miezi mitatu anagundua kwamba bila yule jamaa wa Canning Town katikati panavuja.

ALIVYOSHUKA NAYO NA KUPANDA NAYO

Mwaka 2011 West Ham ilishuka daraja. Hapo Noble ana miaka 24, umri mzuri kabisa wa kuuzwa. Akabaki. Msimu uliofuata walipanda kupitia mchujo, wakiifunga Blackpool 2-1 pale Wembley tarehe 19 Mei 2012, bao la ushindi la Ricardo Vaz Tê dakika za mwishoni. Mwaka huo mashabiki walimchagua Noble mchezaji bora wa mwaka wa klabu. Wakamchagua tena 2014.

Mlinganishe na Dimitri Payet. Payet alikuja 2015, fundi hasa, zile faulo zake mnazikumbuka. Msimu wa 2015/16 timu ikamaliza nafasi ya 7, na mechi ya kuaga Upton Park tarehe 10 Mei 2016 wakaichapa Man United 3-2, Noble akiwa nahodha. Januari 2017 Payet akagoma kucheza mpaka akauzwa Marseille. Kipaji Payet alimzidi Noble mbali, sibishi. Lakini kesho yake asubuhi mazoezini nani alikuwepo?

SIKU ALIYOPAMBANA NA SHABIKI

Kumpenda mtu wa nyumbani hakumaanishi kila siku ni maua. Timu ilihamia London Stadium, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012, na mashabiki wengi hawakuupenda kabisa. Tarehe 10 Machi 2018 wanapigwa 3-0 na Burnley, watu wakaanza kuingia uwanjani kulalamikia wamiliki. Mmoja akamfuata Noble. Noble akamkamata akamwangusha chini!

Wengine walisema nahodha hapaswi kumgusa shabiki. Mimi naona hivi: yule shabiki alimfuata Noble kwa sababu alijua huyu ndiye mwenye timu. Mchezaji mpita njia huwezi kumfuata kumlalamikia, utamwambia nini? Ukiwa wa nyumbani unapata mapenzi yote, na lawama zote unazibeba wewe.

ILE PENATI YA MAN UNITED

Mashabiki wa Mashetani Wekundu najua mlikuwa mnaisubiri hii. 19 Septemba 2021, West Ham 1, United 2, dakika za nyongeza zinayoyoma. Penati! Kocha David Moyes anamtoa Jarrod Bowen na kumwingiza Noble aje kupiga tu, hajagusa mpira hata mara moja siku hiyo. Anapiga, David de Gea anapangua. Mechi imeisha.

Kijiweni kwetu watu walicheka mpaka basi, na mimi nilicheka, nisidanganye. Lakini siku tatu baadaye, Kombe la Ligi, uwanja wa Old Trafford, West Ham wakashinda 1-0 na Noble akiwa katikati ya dimba. Hiyo ya pili hakuna aliyeisimulia kijiweni. Ndivyo tulivyo.

KWA NINI HAKUITWA ENGLAND?

Timu ya vijana chini ya miaka 21 aliichezea, alivaa mpaka kitambaa cha unahodha, na alikuwemo kwenye kikosi kilichofika fainali ya Ulaya mwaka 2009 Sweden. Walipigwa 4-0 na Ujerumani ya kina Neuer, Hummels, Khedira na Özil. Wale Wajerumani miaka mitano baadaye walikuwa mabingwa wa dunia. Noble hakupata hata mechi moja ya wakubwa.

Sababu? Miaka yake ya mwanzo mbele yake kulikuwa na Gerrard, Lampard, Barry na Carrick. Walipozeeka, makocha wakawa wanatafuta viungo wenye mbio zaidi. Na ukichezea timu inayopigania kutoshuka, hata ukikimbia vipi watu wanaona ni kawaida yako. Kufanya kazi kwa bidii ukiwa timu ndogo ni kama kufagia usiku, asubuhi wote wanapita kwenye usafi bila kuuliza nani kafagia.

MWISHO WAKE, NA KOMBE LILILOCHELEWA

Msimu wake wa mwisho, 2021/22, West Ham ilifika nusu fainali ya Europa League ikatolewa na Eintracht Frankfurt. Tarehe 15 Mei 2022 akawaaga mashabiki nyumbani, sare ya 2-2 na Manchester City. Wiki moja baadaye akatundika daluga. Mechi 550, bila kombe kubwa hata moja.

Halafu soka ikamfanyia kitu. Tarehe 7 Juni 2023, mwaka mmoja tu baada ya kustaafu, West Ham wakaifunga Fiorentina 2-1 mjini Prague na kubeba Conference League, bao la Bowen dakika ya 90. Nahodha aliyeinua kombe ni Declan Rice, dogo aliyekua akicheza pembeni ya Noble. Noble mwenyewe Januari mwaka huo alikuwa amerudi klabuni kama mkurugenzi wa michezo. Mwezi uliofuata Rice akauzwa Arsenal kwa zaidi ya pauni milioni 100. Akaondoka kama walivyoondoka kina Lampard.

MTAZAMO WANGU

Wadau, mimi simlaumu Rice, na simlaumu mchezaji wa Bongo anayetoka Msimbazi kwenda Jangwani au kinyume chake. Mpira ni ajira, na mtu ana familia inamtegemea. Pia tuwe wakweli, Noble alilipwa vizuri, hakukaa West Ham kwa kula mihogo.

Ila nilipomaliza form four niliona jambo kwenye timu yetu ya mtaa. Kila dogo anataka namba 10, kila mtu anataka kupiga faulo. Ukimwambia mtu akae katikati akabe anaona umemdharau. Tulikuwa na mafundi sita na tulikuwa tunafungwa kila Jumapili. Jamaa mmoja tu alikubali kukaba, na siku aliyoumwa malaria tulipigwa 5. Hapo ndipo nilipoanza kuwaangalia watu kama Noble kwa jicho lingine.

Kwa hiyo swali langu kwenu leo: ungekuwa Noble mwaka 2011, timu imeshuka na una miaka 24, ungebaki au ungesepa? Na je, kwenye ligi yetu unamjua nani aliyekaa timu ya nyumbani kwao mpaka mwisho? Mwageni majina hapo chini, tujadili kwa hoja, matusi tuyaache.

Naomba kuwasilisha.