Nuru Iliyosomwa Kabla ya Kueleweka

Mnamo mwaka wa 1835, mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alitoa hukumu nzito: binadamu angeweza kupima umbo, umbali na mwendo wa nyota, lakini kamwe asingejua zimeundwa kwa vitu gani. Comte alifariki mwaka wa 1857. Miaka miwili baadaye, hukumu yake ilitanguka.

Jawabu lilikuwa limekwisha kuonekana katika mwanga wenyewe. Mwaka wa 1814, Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo wa Bavaria, alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaona rangi za upinde wa mvua zimekatwa na mistari myeusi zaidi ya 500. Ile mikubwa aliipa herufi. Maana yake hakuijua.

Mwaka wa 1859, huko Heidelberg, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walithibitisha kwamba mvuke wa kila elementi, ukipata moto, hutoa mistari yake ya pekee, na kwamba mvuke huohuo huimeza mistari hiyo mwanga mkali unapoupitia. Mstari wa manjano wa sodiamu uliangukia palepale penye mstari mweusi wa jua ulioitwa D. Basi sodiamu imo katika jua. Kwa njia hiyo wataalamu hao waligundua elementi mbili mpya, wakaziita kwa Kilatini kufuata rangi za mistari yake: sesiamu, ya samawati, mwaka wa 1860, na rubidiamu, ya wekundu mzito, mwaka wa 1861.

Hata hivyo, kusoma si kuelewa. Mwaka wa 1885, Johann Balmer, mwalimu wa Basel, alipata kanuni iliyolingana na mistari minne ya hidrojeni, yenye mawimbi ya urefu wa nanomita 656, 486, 434 na 410. Sababu ilifafanuliwa na Niels Bohr wa Denmark mwaka wa 1913: elektroni hukaa katika ngazi maalumu za nishati, na ikishuka ngazi, tofauti ya nishati hutoka kama mwanga. Tofauti ikiwa kubwa, wimbi huwa fupi. Kwa kuwa kila elementi ina ngazi zake, ina pia mistari yake. Nadharia hiyo ilifaa hasa kwa hidrojeni. Atomu zenye elektroni nyingi zilisubiri mekanika ya kwanta ya miaka ya 1920.

Toka Fraunhofer hadi Bohr ilipita miaka 99. Herufi zilitambuliwa kwanza, sarufi ikaja mwisho. Comte alikiri kwa haki kutojua kwa zama zake. Alikosea alipokufanya kuwa mpaka wa milele.