Jinsi kiowevu kinavyosafiri mwambani kuyeyusha madini

MKULIMA wa mahindi wa Likuyani, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, ajua vyema kwamba mvua ikinyesha, udongo wa kichanga huyanywa maji upesi ilhali kwenye mfinyanzi maji hutuama. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa njia ya kuchuma madini pasipo kuchimba shimo: kiowevu hushushwa ardhini, kikayeyusha madini mumo humo, kisha kikavutwa juu.

Visima vya kushushia kiowevu huchimbwa kukizunguka kisima cha kuvutia. Kwa madini ya urani, kiowevu chenyewe ni maji yaliyotiwa asidi ya salfuriki au magadi, pamoja na oksijeni.

Mnamo 1856, mhandisi Mfaransa Henry Darcy alieleza jinsi maji yapitavyo mchangani. Mwendo huzidi tofauti ya shinikizo inapozidi, na hupungua njia inaporefuka. Aidha, hutegemea ukubwa wa vitundu vya mwamba na jinsi vilivyounganika.

Tatizo ni kwamba kiowevu hufuata njia nyepesi. Penye ufa hukimbilia huko, kikaacha madini mengi pembeni bila kuguswa. Ndani ya vitundu vidogo mno hakitiririki. Asidi husambaa humo polepole, na kuongeza nguvu za pampu hakusaidii sana. Vilevile asidi ikikutana na chokaa hutokea jasi, ambayo huweza kuziba njia.

Ndiyo sababu dhahabu ya Kakamega, iliyozua msukumano wa wachimbaji tangu 1931, haikuchumwa hivyo. Dhahabu hiyo imo katika mishipa ya mawe ya kwatzi ndani ya miamba migumu isiyopitisha maji kwa urahisi. Katika mgodi wa Rosterman, uliofungwa 1952, mawe yalichimbwa kwanza. Kusaga mawe ni kukifungulia kiowevu njia: sianidi inapotumiwa kuyeyusha dhahabu, hukutana na unga badala ya jabali.

Hali ni tofauti kusini mwa Tanzania. Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, imo katika mawe ya mchanga, ambayo huweza kupitisha maji. Mwaka wa 2012, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous ubadilishwe ili kuupisha mradi huo. Fikira ya kuyeyushia urani ardhini huko ilizua hofu kuhusu maji yaliyo chini ya ardhi.

Hofu hiyo ina msingi, kwani kiowevu hakijui mpaka wa leseni. Kinga ya kwanza ni kuvuta kiowevu kingi kidogo kuliko kinachoshushwa, ili maji ya pembeni yaelekee ndani badala ya sumu kutoka nje. Ya pili ni tabaka za mfinyanzi juu na chini ya madini. Ya tatu ni visima vya uangalizi kandokando. Pampu zikisimama kabla ya maji kusafishwa, kinga ya kwanza hutoweka.

Kwa hivyo, popote mwekezaji anapotaja njia hii, wenyeji wanaotegemea visima wana haki ya kuuliza mambo mawili kabla ya kuuliza bei ya madini: maji ya hapa huelekea wapi, na ni nani atakayeyapima baada ya mgodi kufungwa?