Riwaya Kuu na Maneno Magumu: Historia ya Fikira Moja katika Kujifunza Kiingereza

Miongoni mwa nasaha anazopewa mwanafunzi wa lugha ya kigeni, moja imedumu kuliko nyingi nyingine: achukue riwaya kuu ya lugha ile, aisome tangu mwanzo hata mwisho, na maneno magumu yatamwingia yenyewe. Katika shule za Afrika ya Mashariki nasaha hii imesikika sana mintarafu ya Kiingereza, na waliofanikiwa kwa njia hiyo wametolewa kuwa mfano kwa wenzao. Walakini jinsi maneno yanavyoingia, na ni nani anayeingiwa nayo, ni mambo yaliyochelewa kuulizwa. Makala haya yaifuata fikira hiyo katika nyakati na nchi mbalimbali, ili kuonyesha kwamba neno gumu halifundishwi na ugumu wake wala na ukuu wa kitabu, bali hufundishwa na kurudi kwake mbele ya msomaji aliyekwisha kuyajua mengi yanayolizunguka.

I. Baharia aliyekuwa mwandishi

Mfano utajwao mara nyingi ni wa Joseph Conrad. Alizaliwa mwaka 1857 katika ukoo wa Kipolandi, katika nchi iliyokuwa chini ya dola ya Urusi. Kifaransa alikijua tangu utotoni, Kiingereza hakukijua. Alipofika mara ya kwanza katika bandari ya Lowestoft, Uingereza, mwezi wa Juni 1878, alikuwa na umri wa miaka 20 na maneno machache tu ya lugha ile. Mwaka 1886 alipata uraia wa Uingereza na cheti cha unahodha, na mwaka 1895 riwaya yake ya kwanza, Almayer's Folly, ilichapwa London. Leo huhesabiwa miongoni mwa mabingwa wa nathari ya Kiingereza.

Wengi husema kwamba mtu huyu alijifunza Kiingereza kwa kumsoma Dickens na Shakespeare. Kauli hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Baba yake, Apollo Korzeniowski, alikuwa mshairi na mfasiri. Katika kitabu chake A Personal Record, kilichotoka mwaka 1912, Conrad aeleza kwamba Shakespeare alimkuta kwanza katika karatasi za tafsiri ya baba yake, na kwamba Nicholas Nickleby ya Dickens aliisoma utotoni kwa Kipolandi. Kwa hiyo alipovishika vitabu vya Kiingereza, ulimwengu wa Dickens haukuwa mgeni kwake. Tena kabla ya vitabu kulikuwa na vinywa: Kiingereza cha kwanza alikisikia kwa mabaharia wa pwani ya mashariki ya Uingereza, wakati wa kazi, ambapo neno na kitendo huenda pamoja. Hatimaye, riwaya aliyoipenda kupita kiasi, Bleak House, hakuisoma mara moja. Aliirudia mara nyingi.

Basi kuna mambo matatu yaliyoitangulia au kuifuata riwaya: hadithi iliyojulikana kwa lugha ya nyumbani, usemi uliosikiwa kazini, na marudio. Anayemtoa Conrad kuwa mfano kisha akayaacha matatu hayo, amelichukua ganda akaiacha kokwa.

II. Kwa nini Dickens?

Si bure kwamba jina la Dickens hujitokeza kila inapotajwa habari hii. Riwaya zake hazikutolewa kwanza katika kitabu kimoja. Bleak House ilitoka kwa sehemu za kila mwezi, tangu Machi 1852 hata Septemba 1853, na Great Expectations ilitoka kila wiki katika gazeti lake mwenyewe, mwaka 1860 na 1861. Msomaji aliyengoja mwezi mzima aliweza kumsahau mtu wa hadithi; kwa hiyo mwandishi alimpa kila mtu alama ya kumtambulisha, na aghalabu alama ile ilikuwa neno. Katika David Copperfield, Uriah Heep hawezi kusema maneno mengi bila kujiita mnyonge na mnyenyekevu, naye hulitamka neno humble bila herufi yake ya kwanza. Bwana Micawber naye hungoja siku zote jambo fulani litokee, na kitenzi anachokitumia ni turn up. Kitenzi cha namna hii, kilichoundwa kwa maneno mawili madogo ambayo kila moja lajulikana, humtatiza mgeni kuliko neno refu lenye asili ya Kilatini. Lakini anayemsikia Micawber hata mwisho wa kitabu hawezi kukisahau.

Vivyo hivyo mlango wa kwanza wa Bleak House walirudia neno fog, yaani ukungu, zaidi ya mara 10 katika aya moja: ukungu juu ya mto, ukungu nyikani, ukungu machoni na kooni mwa wazee. Msomaji asiyelijua neno lile anapoianza aya, halihitaji kamusi anapoimaliza. Yaliyofanywa kwa ajili ya mnunuzi wa London aliyengoja sehemu ya mwezi ujao yamekuwa msaada kwa mwanafunzi wa mbali, ingawa mwandishi hakumkusudia.

Lakini msaada huo una mpaka. Mmarekani George Zipf, katika vitabu vyake vya mwaka 1935 na 1949, alionyesha jinsi maneno yanavyogawanyika katika maandishi: machache hutumika mno, na mengi hutumika kwa nadra. Katika kitabu kimoja, takriban nusu ya maneno yote mbalimbali hutokea mara moja tu. Na maneno adimu, ambayo mwanafunzi wa juu huyatafuta, ndiyo hasa yaliyomo katika nusu hiyo. Riwaya humwonyesha neno kama mpita njia aonekanavyo dirishani; kumtambua kesho ni jambo jingine.

III. Hesabu ya Bengal

Mmoja wa watu wa kwanza waliolifanya jambo hili kuwa kazi ya utaratibu ni Michael West, Mwingereza aliyeingia katika idara ya elimu ya India mwaka 1912, akawa mkuu wa chuo cha walimu katika mji wa Dacca, Bengal. Katika uchunguzi wake juu ya watu wa lugha mbili, uliotolewa mwaka 1926, aliuliza swali ambalo wakubwa wa elimu walikuwa hawakulijali: mtoto anayeiacha shule katikati ya safari huondoka na nini? Aliazima neno kutoka biashara ya bima. Mtu akiivunja bima kabla ya wakati wake, hurudishiwa sehemu ya fedha alizolipa. Na somo la lugha nalo liwe na thamani hata kwa yule asiyelimaliza. Mtoto wa Bengal aliyesoma Kiingereza miaka miwili au mitatu hakuwa na wa kuzungumza naye kijijini. Kama angeweza kusoma, angalau angekuwa na kitu mkononi.

West aliona kwamba vitabu vya kusomea vya zama zake vilimwaga maneno mapya kwa wingi, kisha visiyarudie. Kwa hiyo alitunga vitabu vyake, ambamo maneno mapya yaliingia kwa kipimo na kila moja lilirudiwa. Na maneno ya kale au ya nadra yalibadilishwa kwa ya kawaida. Riwaya kuu nazo ziliandikwa upya kwa kipimo hicho. Mwaka 1935 alitoa, pamoja na J. G. Endicott, kamusi iliyoeleza maneno na semi zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Mwaka 1953 orodha yake ya maneno 2,000 ya lazima ilichapwa, nayo ikawa msingi wa vitabu vingi vilivyorahisishwa.

Kazi hii ilikuwa na hekima, lakini iliigeuza nasaha ya zamani juu chini. Zamani mwanafunzi aliambiwa asome riwaya ili apate maneno magumu. Sasa aliipata riwaya iliyokwisha kuondolewa maneno magumu. Alipata Dickens asiye na lugha ya Dickens.

IV. Vitabu hivyo katika Afrika ya Mashariki

Katika Afrika ya Mashariki riwaya za Kiingereza ziliingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa Kiswahili chenyewe. Frederick Johnson, aliyekuwa Katibu wa kwanza wa Halmashauri ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930, alifasiri kitabu cha Stevenson kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, na kile cha Rider Haggard kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Tafsiri hizo husomwa leo katika historia ya nathari ya Kiswahili, na huko zimesifiwa na kulaumiwa. Faida yake kwa mwanafunzi wa Kiingereza haikutajwa sana. Msomaji aliyekwisha kumjua kijana wa kile kisiwa kwa Kiswahili, alipokutana naye tena kwa Kiingereza alisimama mahali aliposimama Conrad alipomrudia Dickens: kisa anacho, limebaki jina la kitu. Na msomaji wa pwani alikuwa na zaidi. Stevenson amejaza kitabu chake maneno ya jahazi. Na mtu anayejua tanga, mlingoti, omo, shetri, demani na joshi hana haja ya kufundishwa vitu vyenyewe. Hubandika jina jipya juu ya maarifa ya kale.

Mlango wa pili ulikuwa vitabu vilivyorahisishwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, akumbuka kwamba katika shule ya msingi alisoma Dickens na Stevenson wa namna hiyo, pamoja na Rider Haggard. Katika kitabu hicho hicho asimulia jinsi watoto walivyoadhibiwa kwa kusema Kigikuyu shuleni. Habari hizi mbili hazitengani. Mlango wa kwanza uliijenga lugha mpya juu ya lugha ya nyumbani. Wa pili, mahali pengi, ulifunguliwa kwa kuufunga ule wa kwanza.

Nchini Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule za msingi mwaka 1967, na Kiingereza kikabaki katika sekondari, mambo yalidhihirika mwaka 1984. Clive Criper na Bill Dodd, katika taarifa yao juu ya Kiingereza mashuleni, waliona kwamba ni kiasi cha 10 kwa mia tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia daraja ambalo mtu angetegemea masomo kwa Kiingereza yaanzie. Mradi ulioanza mwaka 1987 kwa fedha za Uingereza ulipeleka shuleni vitabu vingi vilivyorahisishwa, kwa matumaini ya kwamba kusoma kutaziba pengo. Fikira ya Bengal ilikuwa imerudi, na swali lake lilikuwa lile lile: anayeondoka njiani huondoka na nini?

V. Kupima

Wakati huo wataalamu walikuwa wameanza kupima. Mwaka 1978 Saragi, Nation na Meister walitumia riwaya ya Anthony Burgess, A Clockwork Orange, iliyotoka mwaka 1962. Burgess aliwatungia vijana wa hadithi yake maneno ya mtaani 241, mengi yenye asili ya Kirusi, na kila neno hutokea kwa wastani mara 15. Wasomaji waliokuwa wenyeji wa Kiingereza walikisoma kitabu bila kuambiwa kwamba watajaribiwa, kisha wakaulizwa maneno 90. Kwa wastani walipata 76 kwa mia. Nasaha ya zamani ilionekana kushinda.

Lakini wasomaji hao walijua kila neno lililoyazunguka yale mageni. Mwaka 1998 Horst, Cobb na Meara walieleza jaribio jingine, katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Oman, nchi ambayo Kiswahili chazungumzwa katika nyumba nyingi. Wanafunzi 34 walisomewa The Mayor of Casterbridge ya Thomas Hardy iliyorahisishwa, yenye maneno yapatayo 21,000, nao wakifuata kwa macho. Katika maneno 45 waliyoulizwa kabla na baada, wastani wa faida ulikuwa karibu maneno matano. Yaliyotokea mara nane au zaidi ndiyo yaliyoshikwa vizuri zaidi.

Kisha mwaka 2006 Nation alikadiria kwamba ili msomaji ajue 98 kwa mia ya maneno ya riwaya isiyorahisishwa, ahitaji koo za maneno 8,000 hadi 9,000. Vitabu vilivyorahisishwa aghalabu huishia karibu na 2,500 au 3,000. Hapa ndipo ngazi ilipovunjika. Mwanafunzi hupandishwa hata kipawa cha tatu, kisha huonyeshwa cha nane akaambiwa aruke. Na akianguka, huitwa mvivu wa kusoma.

VI. Hitimisho

Historia hii haiikanushi nasaha ya zamani, bali yaiwekea masharti. Riwaya kuu humfaa yule aliyekwisha kufika karibu nayo: humwongezea neno alilolijua nusu, humwonyesha neno lile huandamana na yapi, na humfunza tofauti ya neno lisemwalo na mnafiki na lile lile lisemwapo na mkweli. Kazi hiyo orodha ya maneno haiwezi kuifanya. Lakini kumpa riwaya mtu asiyejua neno moja katika kila manne si kumfundisha, ni kumpima subira.

Vipawa vilivyokosekana vyaweza kutengenezwa, na historia yenyewe yaonyesha jinsi. Mwandishi mmoja asomwe vitabu vingi, badala ya waandishi wengi kitabu kimoja kimoja, kwa kuwa kila mwandishi huyarudia maneno yake. Kitabu kilichopendwa kirudiwe. Na kisa kisomwe kwanza kwa Kiswahili, pale tafsiri ilipo, kisha kwa Kiingereza. Kwa muda mrefu lugha ya nyumbani imeshtakiwa shuleni kuwa ndiyo inayokizuia Kiingereza. Habari ya Conrad yaonyesha kinyume: kabla hajaweza kusoma ukurasa mmoja wa Dickens kwa Kiingereza, mlango wa Dickens alikuwa amekwisha kufunguliwa kwa lugha ya nyumbani kwao.