Rangi ya Olkaria na Mwalimu Aliyeitwa Kichaa

Ukitoka Naivasha ukifuata barabara ya kusini mwa ziwa, mvuke utauona kabla ya mabomba. Wengi wetu tunaijua Olkaria kwa stima. Kumbe jina lenyewe ni la rangi: kwa Kimaasai, olkaria ni ule udongo mwekundu unaochanganywa na mafuta ukapakwa mwilini na kwenye nywele. Udongo uliosagwa, mafuta juu yake. Si hiyo ndiyo rangi ya mafuta? Wachoraji wa Ulaya walitumia tu mafuta ya mbegu za kitani.

Naanzia hapa kwa sababu kila nikisoma habari za uchoraji wa kisasa, hadithi huanzia Paris, nasi tunaingia mwishoni kama wageni waliochelewa harusi. Haya, twende Paris kidogo. Mwaka 1874 Claude Monet alitundika picha ya bandari alfajiri. Mhakiki Louis Leroy akaicheka, na kwa kejeli akawaita Monet na wenzake Waimpreshonisti. Tusi likawa jina. Mwaka 1905 Matisse alipopaka uso wa mkewe kijani, mhakiki mwingine, Louis Vauxcelles, alisema hawa ni wanyama wa mwituni. Huyohuyo mwaka 1908 aliona nyumba za Braque zimekuwa vijisanduku, na Kubizimu ikapata jina. Picasso naye alikuwa ameshatazama vinyago vya Afrika kwenye jumba la Trocadéro. Waliovichonga hatuambiwi walikuwa akina nani.

Sasa rudi Kenya, miaka ya 1980. Kuna mwalimu kutoka Kiambu, mzaliwa wa 1954, anaacha kazi ili achore. Mshahara wa serikali, jamani! Anatembea na nguo alizozipaka rangi mwenyewe. Watu wakasema huyu amerukwa na akili. Yeye akajibu kwa kujiita Sane, neno la Kiingereza la mtu mwenye akili timamu. Sane Wadu. Monet alibandikwa tusi na mhakiki wa gazeti. Sane alibandikwa na majirani, akaligeuza mwenyewe.

Hakupitia Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937 na ambako walitoka Sam Ntiro na Elimo Njau, mwanzilishi wa Paa ya Paa. Sane alijifundisha. Picha zake zilitundikwa Gallery Watatu, Nairobi, na wachoraji wengine wa Ngecha na vijiji vya jirani wakaonekana. Rangi nzito, ng'ombe, umati, macho makubwa. Ungedhani wanunuzi wangesema ekspreshonizimu. Lakini neno lililowajia wengi lilikuwa "asiyesomea". Henri Rousseau, karani wa ushuru, naye hakusomea, ila Picasso alimwandalia karamu mwaka 1908 na leo yumo vitabuni. Mimi neno hilo linaniudhi. Linaeleza cheti ambacho mtu hana, halisemi chochote kuhusu picha.

Sane alihamia Naivasha na mkewe Eunice, mchoraji pia, ambaye hadi leo wengi humtaja kwanza kama mke wa fulani. Mwaka 2022, taasisi ya NCAI jijini Nairobi, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ilikusanya kazi za Sane za miongo kadhaa. Maonyesho yaliitwa I Hope So. Natumai hivyo.