Taa ya Sensa za Kupaki Imewaka? Cheki Hizi Kabla Fundi Akuuzie Kompyuta

Umetoka kuosha ndai, unaweka rivasi, dashi inapiga piiii refu halafu inaandika kitu kwa Kijapani. Usipanik. Ndai zetu nyingi zilitoka Japani zikiwa zimetumika, na kitabu cha maelezo hakikuja nazo ama kilikuja kwa lugha yao. Piga hayo maandishi picha, Google Lens itakutafsiria.

Kwanza cheki vile vidude viduara kwa bampa. Kila kimoja hutoa mawimbi ya sauti ya karibu kilohezi 40, sikio halishiki, halafu hungoja yarudi yakigonga kitu. Matope, maji ama povu la kuosha likikaa hapo juu, kompyuta inadhani sensa imekufa. Pangusa na kitambaa laini, kausha, jaribu tena. Mara nyingi inaishia hapo.

Haijaisha? Weka swichi oni bila kuwasha injini, handbreki juu, jiwe nyuma ya gurudumu, msee mmoja akanyage breki na kuweka rivasi. Wewe weka kidole kwa kila sensa. Iliyo hai utaisikia ikigonga kidogo, tik tik tik. Iliyonyamaza ndiyo unashuku. Fundi anaweza kuibadilisha nafasi na jirani yake: shida ikihama nayo, sensa imeenda. Shida ikibaki palepale, ni waya ama plagi imeingia maji. Hiyo ni kazi ndogo, na si ya kununua kompyuta.

Kama bampa ilipigwa rangi juzi, anza na hapo. Rangi nene juu ya sensa huizuia kutetema. Na bampa ikirudishwa ikiwa imeinama, sensa inaona lami na kulia ovyo.

Betri nayo ni noma. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikiwa imechoka, ama ilichomolewa juzi, ndai zinazojipaki zenyewe husahau usukani uko wapi. Nyingine hurudi sawa ukizungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, halafu uendeshe moja kwa moja kidogo. Zingine lazima mashine.

Taa ikiwa ya manjano na iko peke yake, endesha tu, ila jua kitu kimoja: sensa zikizimika, kimya haimaanishi nyuma kuko wazi. Mtoto akicheza nyuma ya ndai kwa ploti hutaambiwa. Na hata zikiwa fiti, kitu kifupi karibu na bampa kinaweza kuzipita. Shuka uangalie. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, ama usukani umekuwa mzito, simama kando na uite mecha. Hiyo si stori ya kupaki tena.

Ukifika kwa fundi, muombe akuonyeshe kodi kwa skana kabla aguse chochote. Zinazoanza na B ni za bodi, C ni za chesi kama breki na usukani, U ni kompyuta zikikosa kuongea. Vile viskana vya bei ya chini vingi husoma P tu, za injini, so asikwambie hakuna kodi. Na akisema "ni kompyuta" bila kukuonyesha kitu, chukua funguo zako.