Jenomu ya Dola Elfu Moja: Nani Alilipa?

Mwaka 2004, taasisi moja ya serikali ya Marekani ilianza kutoa pesa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Taasisi yenyewe ni NHGRI, tawi la utafiti wa jenomu ndani ya NIH, shirika kuu la utafiti wa afya la nchi hiyo. Ilichotaka ni teknolojia ya kusoma jenomu nzima ya binadamu kwa dola 1,000. Wakati huo kazi hiyo ilikuwa inagharimu zaidi ya dola milioni 10. Ni kama mtu akuambie leo kwamba baada ya miaka kumi, tiketi ya ndege kutoka Nairobi hadi New York itakuwa chini ya nauli ya matatu ya kutoka Githurai hadi tao. Ungemcheka, kisha ungeendelea na shughuli zako.

Wacha tuanze na jenomu yenyewe. Ndani ya seli zako kuna maandishi marefu ya DNA, herufi kama bilioni 3, na alfabeti yake ina herufi nne tu: A, C, G na T. Herufi moja ikibadilika mahali fulani, unaweza kurithi ugonjwa. Selimundu, ambao tunaujua vizuri sana huku Nyanza, Magharibi na Pwani, unatokana na herufi moja tu. Kwa hivyo kusoma maandishi haya si mchezo wa wasomi wenye muda wa kupoteza.

Njia ya kwanza iliyoenea ya kuyasoma ilitoka kwa Fred Sanger, mwaka 1977, katika maabara ya Cambridge iliyolipiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Yaani pesa za umma. Mwaka 1990 ukaanza Mradi wa Jenomu ya Binadamu, ukiongozwa na Marekani pamoja na Uingereza na nchi nyingine kadhaa. Ulichukua miaka 13 na kula karibu dola bilioni 3. Katikati ya safari, mwaka 1996, wanasayansi wake walikutana Bermuda wakakubaliana jambo zito: kila kipande cha DNA watakachosoma kiwekwe hadharani ndani ya saa 24. Hakuna kukalia data. Kampuni ya Celera ilipoingia kwenye mbio na mpango wa kuuza taarifa za jenomu, tayari makubaliano hayo ya kuweka data hadharani yalikuwepo.

Mwaka 2003 mradi ukatangazwa kukamilika. Watu wakapiga makofi. Lakini swali gumu lilibaki. Jenomu moja haikwambii mengi. Ili ujue kwa nini huyu anaugua na yule haugui, lazima ulinganishe watu maelfu, na hakuna nchi ingelipa mamilioni ya dola kwa kila kichwa.

Hapo ndipo mpango wa 2004 ulipoingia. NHGRI iliweka ngazi mbili: kwanza kufikia jenomu ya dola 100,000 katika miaka mitano, halafu ya dola 1,000 katika miaka kumi. Awamu ya kwanza ya ruzuku ilikuwa zaidi ya dola milioni 38. Aliyesimamia programu hiyo, Jeffery Schloss, hakuweka mayai yote kwenye kikapu kimoja. Pesa zilienda vyuo vikuu, zikaenda pia kampuni changa, na kila kundi lilikuwa na wazo lake tofauti kabisa. Kufikia 2014, makundi 97 yalikuwa yamepata jumla ya dola milioni 230 hivi. Linganisha na zile bilioni 3 za mwanzo.

Mengi ya mawazo hayo hayakufika sokoni, na mengine yalifika yakapitwa. Kampuni ya 454 Life Sciences, mojawapo ya waliopewa ruzuku, ilisoma jenomu ya James Watson, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kazi hiyo iligharimu kama dola milioni moja. Miaka mitano baadaye, Roche, iliyokuwa imeinunua, ilitangaza kuifunga. Helicos, mshindani mwingine, ilifilisika 2012. Mwekezaji wa kawaida angeita hiyo hasara. Kwa pesa za umma, hiyo ndiyo kazi yenyewe: kulipia majaribio kumi ili mawili yasimame.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na NHGRI ilikuwa na daftari. Tangu 2001 imekuwa ikirekodi gharama ya kusoma jenomu moja katika maabara inazozifadhili. Mwaka huo ilikuwa dola milioni 95. Miaka ya kwanza mchoro wake unashuka taratibu, kwa kasi kama ile ya bei ya nguvu za kompyuta. Mwanzoni mwa 2008 unaporomoka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Mashine mpya, zinazosoma mamilioni ya vipande kwa wakati mmoja, zilikuwa zimeingia maabara.

Januari 2014 kampuni ya Illumina ilitangaza kwamba dola 1,000 imefikiwa. Teknolojia yake kuu ilianzia kwa Shankar Balasubramanian na David Klenerman, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Lakini soma maandishi madogo: bei hiyo ilihitaji ununue mashine kumi kwa mpigo, kama dola milioni 10. Ni ile hesabu ya Gikomba. Bei nafuu ipo, mradi uwe na pesa ya bale nzima.

Iliyotufikia sisi kwa urahisi zaidi ni njia nyingine. Mwaka 1989, David Deamer wa California alichora kwenye daftari wazo la kupitisha uzi wa DNA kwenye kitundu kidogo mno na kusoma herufi kwa mabadiliko ya umeme. Ruzuku za NHGRI zililea wazo hilo kwa miaka mingi kabla ya kuleta faida yoyote. Matokeo yake ni MinION ya Oxford Nanopore, kifaa kinachotoshea mkononi. Mwaka 2015 watafiti walikibeba hadi Guinea kwenye mizigo ya kawaida ya ndege, wakasoma virusi vya Ebola papo hapo. Corona ilipoingia Kenya mwaka 2020, wanasayansi wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi walitumia teknolojia hiyo hiyo kufuatilia jinsi virusi vilivyoingia na kusambaa Pwani. Sampuli hazikungoja kupelekwa Ulaya.

Sasa tuulizane. Bei imeshuka, lakini nani amesomwa? Karibu asilimia 70 ya jenomu ya rejea ya ule mradi mkubwa ilitoka kwa mtu mmoja aliyejitolea huko Buffalo, New York. Mwaka 2020, mpango wa H3Africa, uliofadhiliwa na NIH na Wellcome, ulichapisha jenomu za Waafrika 426 kutoka makundi 50 ya kikabila na kilugha. Zilionyesha tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo sayansi haikuwa imewahi kuziandika. Watu 426 tu! Fadhili za mpango huo zilifika mwisho 2022. Mei 2025, NIH nayo ikatangaza kusimamisha utaratibu wake wa kupitisha ruzuku kwa washirika wa nje hadi mfumo mpya upatikane. Mfuko ukiwa wa mwenzako, ufunguo pia ni wake.

Sisi tuna sheria. Ile ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina itenge asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka kwa utafiti. Hatujawahi kufika hapo. Tunapenda kusema teknolojia ni ya wazungu, lakini ukifuata pesa utakuta kamati ya umma, bajeti ya miaka kumi, na uvumilivu wa kulipia mawazo ambayo mengi yangekufa. Hayo matatu hayauzwi na Illumina. Msimu ujao wa bajeti, waziri akiinua ule mkoba mbele ya kamera, tafuta mstari wa utafiti na uulize ni asilimia ngapi.